Kibarua cha Matengenezo Msituni Jozani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila masika yanapokatika na njia zikaanza kukauka, vijana wa Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni, na siku hizi hata wa Mwanakwerekwe, huanza kuulizia vibarua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Majibu haya yanatoka kwa msimamizi wa vibarua, si kwa ofisi. Kuhusu nafasi na malipo, neno la mwisho ni la hifadhi na la kamati ya kijiji chako. Kuhusu tope, kutu na upupu, niamini mimi.

Kazi yenyewe hasa ni nini?

Kufyeka, kuchimba, kupigilia misumari, kupaka rangi na kubeba. Hasa kubeba.

Wengi huja wakidhani watapewa darubini wakahesabu kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar. Hiyo ni kazi ya watafiti na walinzi, nayo ina njia yake. Wewe utaanzia ardhini. Msitu wa Jozani umekaa bondeni na maji ya ardhini hayako mbali, kwa hiyo masika yakikolea baadhi ya sehemu hugeuka madimbwi. Maji yakishuka hukuacha na matawi yaliyoanguka, mizizi iliyofunuka na tope linalovua watu viatu. Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, nalo halina likizo: kila siku maji ya chumvi hupanda na kushuka chini yake. Ongeza mipaka ya kufyeka, mabango ya kupaka rangi, mabanda ya makuti ya kuezeka upya, vitalu vya miche, mifereji, vyoo, na taka zinazotupwa na wapita njia kutoka kwenye magari.

Nianzie wapi kuomba?

Kwa sheha wako, ukiwa unatoka katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kazi ndogondogo nyingi hupita kwenye kamati za uhifadhi za vijiji, na kamati hupenda kumchukua mtu anayejulikana kwao. Chukua barua ya utambulisho, kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi na nakala yake. Kisha nenda mwenyewe mpaka ofisini getini, asubuhi, umevaa kama mtu anayetaka kazi. Simu peke yake haitoshi. Msimamizi anayetafuta watu wa kubeba mbao kesho humkumbuka yule aliyemwona kwa macho jana.

Pia kuna JECA, jumuiya ya uhifadhi inayounganisha vijiji vya eneo hili, na wakati mwingine kuna miradi ya nje inayokuja na kazi zake. Wanakamati ndio wa kwanza kupata habari.

Mimi wa mjini, sina mtu huko. Napata?

Unaweza, ila usijidanganye: wa vijijini hutangulia, na ni haki. Wao ndio walioambiwa waache kukata kuni na miti ya kujengea mahali walipokata babu zao. Jozani ilitengwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na kila hatua ilimnyima mtu fulani kitu alichokuwa akikichukua bure. Kibarua ni sehemu ya fidia ya hayo, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo.

Wa mjini hupata nafasi zaidi wakiwa na ufundi mkononi: useremala, uchomeaji vyuma, umeme, uashi. Ukiwa umepita kwenye kituo cha mafunzo ya amali, iwe Mwanakwerekwe au Mkokotoni, sema hivyo mapema, wala usingoje kuulizwa.

Umri gani unaruhusiwa?

Uwe umetimiza miaka 18. Nakataa mwenye miaka 16 hata akiwa na kifua kipana kuliko changu, kwa sababu hapa kuna mapanga, misumeno na kupanda juu ya mapaa. Wadogo waingie kwenye klabu za mazingira za skuli, huko watapanda miche na watakula vitumbua.

Analipa nani, na kiasi gani?

Kiasi hutofautiana kulingana na anayelipa, kwa hiyo jua kwanza ni nani. Kazi hizi huja kwa sura tatu. Kuna kutwa, ambapo unalipwa kwa siku. Kuna kipande, ambapo unapimiwa urefu wa njia au idadi ya mashimo na unalipwa ukimaliza. Na kuna kujitolea, ambapo hulipwi, pengine unapewa nauli na chakula tu. Ugomvi wote niliousuluhisha ulianzia kwa mtu aliyedhani yuko kwenye sura ya kwanza kumbe yuko kwenye ya tatu.

Kabla hujashika panga, uliza mambo haya mbele ya mtu mwingine: nalipwa kwa siku au kwa kipande, nalipwa lini, nauli ni juu ya nani, chakula je, na nikiumia nani ananipeleka hospitali. Hakuna utovu wa adabu katika kuuliza. Mwenye kazi ya kweli atakujibu bila kununa.

Kipande kinamfaa kijana mwenye nguvu kwenye njia kavu. Kwenye tope la mikoko, kipande ni mtego: maji yakirudi kabla hujamaliza, hasara ni yako. Huko dai kutwa.

Na ukiwekwa kazini miezi kwa miezi, wewe si mpita njia tena. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na mwajiriwa anastahili mkataba na michango yake ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Saa za kazi ni zipi?

Msituni ni rahisi: saa 1 asubuhi mpaka adhuhuri inapokaribia, kabla jua halijatuchoma. Ijumaa tunakatisha mapema ili watu wawahi kuoga na kwenda msikitini.

Kwenye mikoko ni habari nyingine, saa inapangwa na bahari. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huenda mbali kweli, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hapa Unguja hukaribia mita nne. Kwa bahati yetu, siku hizo maji hukauka kwenye saa 4 au 5 asubuhi, wakati mwanga ni mzuri na watu bado wana nguvu. Kazi zote za chini ya daraja, za kukagua nguzo, kubadilisha viungio na kutoa magogo yaliyonasa, zinabanwa ndani ya siku hizo chache. Maji mafu, siku ambazo maji hayaendi mbali, hayatufai kwa kazi ya chini. Tunafanya ya juu, kama kubadilisha mbao za kukanyagia na kusugua ukoga.

Kijana wa pwani analijua hili tangu utotoni. Wa mjini mwambie aulize wavuvi badala ya kuniuliza mimi kila asubuhi.

Kwani mbao za daraja zina nini mpaka zitengenezwe kila mara?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie.

Mbao inayokaa majini muda wote huchelewa kuoza. Inayokaa kavu muda wote hudumu. Inayoua ni ile hali ya kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, na daraja la mikoko linaishi katika hali hiyo. Ubao wa juu hunyeshewa, hupigwa jua, hutanuka, hunywea, kisha hupasuka mahali palipopigiliwa msumari. Maji huingia kwenye ufa, ukungu unafuata, na siku moja mgeni mnene anapita.

Msumari nao una balaa lake. Chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi hushika kutu haraka, na kutu huvimba na kupasua mti ulioushika. Ndiyo maana tunasisitiza misumari iliyochovywa zinki, na kwenye viungio vya kubeba uzito tunataka bolti. Mnunuzi atakuletea misumari ya bei rahisi akidai yote ni mamoja. Irudishe.

Utafundishwa mambo madogo yanayookoa kazi kubwa. Toboa kwanza karibu na ncha ya ubao ndipo upigilie, la sivyo utapasuka. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya ubao na ubao ili maji yashuke na uchafu usijae. Kata ncha za nguzo mshazari ili mvua isikae juu. Gonga ubao kwa kipini cha nyundo kabla hujauhukumu: mzima hulia, uliooza hunyamaza. Ukiona ubao mmoja umekufa, chunguza boriti inayoubeba, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko chini na ubao ni dalili tu.

Ukoga wa kijani unaoteleza husuguliwa kwa brashi ngumu na maji. Usimwage dawa wala sabuni kali. Chini yako kuna kaa, samaki wachanga na miche inayoota.

Na tafadhali, usikate mkoko ulio hapo pembeni ili urekebishe daraja la kutazamia mikoko. Umecheka? Kuna watu wamewahi kupendekeza.

Kupanda mikoko si kuchomeka tu vijiti kwenye tope?

Kuchomeka ndiko kunakopigwa picha. Tope likichaguliwa vibaya, miche hufa na picha hubaki.

Mkoko wenyewe na mkandaa huzaa vijiti virefu vinavyoota vikiwa bado juu ya mti, na hivyo ndivyo huchomekwa moja kwa moja. Mchu una mbegu fupi, huwezi kuuchomeka hivyo. Huoteshwa kitaluni au huachiwa wenyewe mahali penye maji yanayotembea. Kila mti una kiwango chake cha maji. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko hupenda tope laini la kandokando ya mikondo. Mkandaa na mchu huvumilia sehemu za nyuma, palipo na chumvi kali. Ukipanda mkoko mahali panapozamishwa na maji karibu kutwa nzima, unautosa.

Kwa maoni yangu, nusu ya kazi ya mikoko ni chepe. Mahali palipozibwa na mchanga au na njia ya gari, fungua mkondo, acha maji yapite, na mbegu zitakuja zenyewe. Lakini mfereji haupendezi kwenye picha ya mfadhili.

Ukitembea humo angalia vidole vinavyochomoza kwenye tope kuuzunguka mchu. Ni mizizi ya kupumulia. Kundi la watu kumi likipita hapo kila siku, mti utadhoofika. Pita njia moja, wote.

Kufyeka njia kunataka ujuzi gani? Si panga tu?

Panga linataka nguvu kidogo na macho mengi. Tunafyeka kwa upana wa mtu mmoja na nusu, si barabara ya gari. Njia ikiwa pana, jua linaingia, magugu yanaota, na mwezi ujao una kazi maradufu. Tawi linalomchoma mgeni usoni likatwe karibu na shina, kwenye ule uvimbe mdogo linapoanzia, bila kuacha kisiki kirefu cha kuoza wala kulichuna gamba.

Matawi ya juu yanayokutana kuvuka njia yaache. Hizo ndizo barabara za kima na komba. Ukizikata, unamlazimisha mnyama ashuke chini, na chini kuna mbwa na magari. Gogo lililoanguka lisogeze kando, usilichome wala usilibebe nyumbani kuwa kuni. Majani makavu yafagiwe kwenye ngazi na mahali pa kuteleza tu. Kwingine ndiyo chakula cha udongo.

Maji ndiyo adui wa njia. Ukiona mahali panatuama, usikimbilie kumwaga kifusi. Tafuta maji yanatoka wapi, uyachimbie mfereji mdogo wa mshazari yatoke kando. Jembe moja kwa saa moja linaweza kuokoa matoroli mengi ya mawe.

Na mipaka?

Mkuza wa mpaka hufyekwa ili asiwepo wa kusema "sikujua". Upande wa maweni kazi ni ngumu, mawe ni makali, viatu vinakwisha, na kiangazi moto ukianzia shambani kwa mtu huvuka mkuza wenye majani makavu bila kubisha hodi. Kwa hiyo tunaufagia kabla ya kaskazi kukaza. Nenda na mtu wa kijiji kinachopakana hapo. Mgeni akifyeka peke yake ataambiwa ameingia shamba la mtu, na mara nyingine itakuwa kweli.

Nikikuta mtego nifanyeje?

Simama. Angalia miguu yako, kwa sababu mitego huwekwa mingi pamoja. Mwite msimamizi au mlinzi, onyesha mahali, na usiuondoe kimyakimya ukaondoka nao. Mlinzi anataka kujua mtego uko njia gani, ni waya au kamba, ni mpya au wa zamani. Mara nyingi mtego humlenga paa, na humu kuna paa nunga, mnyama adimu ambaye dunia nzima anapatikana Zanzibar na katika misitu michache ya pwani ya bara Afrika Mashariki.

Ukimjua aliyeutega, usilifanye la mtaani. Nenda kwa sheha au kwa kamati. Sheria ya misitu Namba 10 ya 1996 ina adhabu zake, na kazi yako si kuzitoa.

Kima wanatuharibia minazi yetu. Kwa nini niwatengenezee makazi?

Wazee wanaouliza hivi wana hoja, na siwajibu kwa hotuba. Kima punju hawajui mpaka. Mashamba ya kusini mwa hifadhi wanayaona ni kwao. Wakulima waliungana wakaunda UWEMAJO, na kutokana na fedha za watalii kukawa na utaratibu wa kuwapa sehemu wenye mashamba yanayotembelewa na kima. Kama sehemu hiyo inatosha, hilo ni suala la mkutano wa wakulima, na mkutano huo huwa na kelele.

Ila liko jambo moja watu hawalijui. Watafiti walihesabu dafu na vidaka vinavyoliwa na kima katika mashamba hayo, wakachapisha matokeo mwaka 1999: minazi iliyoliwa vidaka haikuonekana kupungukiwa na mavuno, tena palipoliwa zaidi mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi. Sababu waliyoipa ni kwamba mnazi huangusha wenyewe vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na kima huwa anaupunguzia mzigo. Mpe mzee habari hii baada ya chakula, si kabla.

Na kuhusu makazi: kima huyu yuko Unguja na visiwa vya jirani, pamoja na wachache waliohamishiwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hesabu kubwa iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria wapo zaidi ya 5,800. Kwingine kote duniani hayupo. Mgeni anayeshuka getini amekuja kwa ajili yake, na ubao unaoupigilia unalipwa na mgeni huyo.

Naweza kuwalisha au kupiga nao picha?

Kuwalisha, hapana kabisa. Tumbo la kima punju limeumbwa kusaga majani na matunda mabichi; ndizi mbivu na biskuti humdhuru. Picha piga kwa mbali, mapumziko yakifika. Usimshike hata akikusogelea, na ukiwa na mafua kaa mbali zaidi, maradhi yetu yanawafikia.

Chakula chako kifunge. Usiwashe moto wowote, hata wa chai. Kima hawa hula mkaa, ndiyo, mkaa wa jikoni, unaowasaidia dhidi ya sumu zilizomo kwenye majani ya mkungu na mwembe. Watakuja kwenye jivu lako kabla halijapoa.

Hatari ni zipi?

Barabara ndiyo ya kwanza, ingawa wote huuliza nyoka. Njia kuu ya kwenda kusini inapita ndani ya msitu. Ilipotiwa lami miaka ya 1990, kima walianza kugongwa mara kwa mara, na matuta yalipowekwa vifo vilipungua sana. Lakini madereva bado wana haraka ya kuwahi abiria. Ukiokota taka kando ya barabara vaa kizibao kinachong'aa, tazama gari linakotokea, na asiwepo mwenye simu sikioni.

Nyoka wapo, na wa sumu wapo. Usitie mkono pahala ambapo jicho halijafika: chini ya gogo, ndani ya rundo la makuti, nyuma ya bango. Mtu akiumwa, mlaze, mtulize, usichanje, usinyonye, usimfunge kamba ya kukata damu. Kiungo kilichoumwa kisitikisike, na gari liende hospitali moja kwa moja. Habari za jiwe la nyoka, ile dawa ya kienyeji, tutazungumza akirudi mzima.

Upupu utakuchekesha siku ya kwanza, wewe peke yako hutacheka. Vaa mikono mirefu, na ukiguswa usijikune. Siafu wakivuka njia wapishe. Maji matamu yaliyotuama usiyaogee, kichocho bado kipo visiwani. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini mbu wa jioni msituni hajapata taarifa. Mwisho jua: mtu mzima huanguka kwa kukosa maji akiwa na panga mkononi. Kunywa kabla hujasikia kiu.

Wakati wa Ramadhani kazi husimama?

Hupungua. Tunaanza alfajiri baada ya sala, tunafanya kazi za kivulini, za kitaluni na za rangi, na saa 4 tumemaliza. Hakuna wa kubeba boriti akiwa amefunga. Anayekwambia uendelee mpaka alasiri hakutakii mema.

Binti yangu atafanya kazi na wanaume msituni?

Bi mkubwa, swali lako nimeulizwa na kina mama wengi. Wasichana wapo na kazi zinafanyika. Vitaluni wao ndio wengi, na kwenye kupaka rangi na kusugua daraja sijaona tofauti, isipokuwa wao humaliza pembe ambazo wavulana huzipita. Makundi hupangwa wawili wawili au zaidi, hakuna anayetumwa peke yake ndani. Avae suruali chini ya gauni, mtandio ufungwe nyuma usininginie kwenye msumeno, na buibui libaki getini. Uliza choo kiko wapi na nani anasimamia. Ukitaka, njoo uone mwenyewe. Wamekuja wengine, wameletewa kiti.

Nije na nini?

Viatu vya mpira virefu, nguo ya kuchakaa, kofia, chupa kubwa ya maji, chakula. Kanda mbili hazikubaliki. Panga uliza kwanza kama unatakiwa uje nalo. Kama ni lako, liandike jina kwenye mpini. Mapanga hupotea bila maelezo.

Usafiri?

Daladala za Jambiani (309) na Makunduchi (310) hupita getini. Mwambie konda mapema. Kama uko mjini, toka alfajiri mapema. Kisingizio cha daladala nimeshakisikia kwa lahaja zote.

Ni kweli kuna mizimu?

Kwenye maweni ya Unguja kuna mapango mengi ambayo watu huyaheshimu. Ukikuta kitambaa, chetezo, kibuyu au sarafu, usiguse, usipige picha, usifagie hata kama umetumwa kufagia. Mwulize mzee wa kijiji. Amini usiamini, ni mahali pa watu.

Kazi hii inanifikisha wapi?

Waongozaji kadhaa wa wageni walianzia kwenye chepe. Ukifyeka njia mwaka mzima utaijua miti kwa jina, utajua komba wanalala wapi, na utasikia Kiingereza cha wageni wanaosimama kukutazama. Omba barua ya uthibitisho kila kazi inapokwisha, yenye tarehe na aina ya kazi, na uitunze. Anayetaka kwenda mbali asome; SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina masomo ya kilimo na mazingira, na mtu anayeijua mikoko kwa miguu hutofautiana na aliyeisoma tu.

Wengine hawafiki huko, wanabaki maseremala wazuri. Nao wana wateja.

Niko Pemba. Kuna kazi kama hizi?

Zipo za namna hiyo. Msitu wa Ngezi, kaskazini kupita Konde, una njia za kutembelea na barabara inayoukata kuelekea Vumawimbi na Ras Kigomasha. Miti yake mirefu huanguka na mvua zake ni kubwa kuliko za huku. Kidike kuna makazi ya popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye yupo Pemba peke yake, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoyatunza. Huko kazi kubwa ni kulinda utulivu: hufyeki kwa kelele chini ya mti walipolala popo mamia, tena usichague mchana wa jua kali kupigilia bati. Anza kwa sheha wa hapo, kama huku.

Kuna mtu amenitumia ujumbe, anataka pesa ya fomu ili aniandikishe.

Usimpe. Hifadhi na kamati za vijiji haziuzi kibarua kwa simu. Mwonyeshe sheha ujumbe huo, na usiufute.